Tochi ya Zamu: Namna ya Kuchagua Globu ya LED
Mazungumzo ya afisa mifugo na wafugaji siku ya mnada

  

Leo sikuja na chanjo wala dawa ya kuogesha. Nimekuja na tochi. Najua yupo anayejiuliza moyoni, mtaalamu wa mifugo na tochi wapi na wapi? Nivumilie kidogo, nikueleze kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa usiku kwenye boma moja. Mtamba alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza na alikuwa amesukuma muda mrefu bila mafanikio. Mwenye boma alikuwa na tochi yake ya siku nyingi, ile ya betri kubwa, na wiki ileile alikuwa ameibadilisha globu akaweka ya LED. Siku ya kwanza mwanga ulivuka korongo, kila mtu akausifu. Usiku ule nao ulianza vizuri. Tulipofika katikati ya kazi, tochi ikazimika ghafla, bila hata kufifia kwanza. Betri za akiba hazikuwepo. Kwake hazikuwepo, na kwenye mfuko wangu mimi, mtaalamu, hazikuwepo pia. Simu iliyobaki na chaji ilimulika hatua mbili tatu, kisha nayo ikakata.

Nilikuwa nimeona kwato mbili. Sikuwa nimeona vizuri kama nyayo za kwato zile zinatazama juu au chini. Mkono uliofunzwa unaweza kutofautisha mguu wa mbele na wa nyuma kwa kupapasa, lakini katika giza lile, kwa haraka na utelezi, mkono wangu ulikosea. Nilitafuta kichwa mahali ambapo hakikuwepo. Ndama alikuwa anatoka kinyumenyume, na ndama wa namna hiyo lazima atolewe upesi, maana kitovu chake hubanwa wakati kichwa bado kiko ndani. Tulipokuja kuelewa, muda ulikuwa umekwisha. Mtamba alipona. Ndama, tena jike, alikufa.

Tangu siku ile nahesabu tochi kuwa chombo cha kazi kama kamba na kisu. Na neno langu la leo ni moja: usinunue globu inayong'aa kuliko zote, nunua ile itakayokufikisha asubuhi. Nitakueleza namna ya kuitambua.

Kwa nini LED

Globu ya zamani ina uzi mwembamba wa chuma ndani ya kioo. Umeme ukipita, uzi unapata moto mpaka unang'aa. Sehemu kubwa ya umeme huishia kuwa joto, na mwanga unaopata ni mdogo. Tena ukiiangusha tochi, uzi hukatika. LED haina uzi. Kwa umeme uleule hutoa mwanga mara kadhaa zaidi, na haiogopi sana kuanguka au kutikisika kwenye pikipiki.

Kwa hiyo huna haja ya kuitupa tochi yako nzuri ya chuma aliyokuachia mzee. Globu peke yake inaweza kubadilishwa. Lakini si kila globu ya LED inafaa kila tochi, na hapo ndipo fedha za watu wengi hupotea.

Anza na kazi, usianze na duka

Kabla ya kwenda dukani, jiulize tochi yako inafanya kazi gani usiku. Mlinzi wa zizi anahitaji mwanga unaokwenda mbali, apate kuona kilichosimama nje ya boma la miiba. Anayetembea katikati ya ng'ombe waliolala anahitaji mwanga mdogo wa karibu, usiowashtua. Anayezalisha au kutibu mnyama anahitaji mwanga unaoonyesha rangi kama zilivyo, na mikono yake miwili iwe huru.

Tochi moja haifanyi yote hayo vizuri. Ukiweza, familia iwe na mbili: tochi ya mkononi kwa zamu, na ndogo ya kufunga kichwani kwa kuzalisha na kutibu. Kama ni moja tu, kazi ya zamu ndiyo iamue, na pale zizini mtu mmoja ashike tochi wakati mwingine anafanya kazi.

Hesabu betri zako

Fungua tochi uhesabu. Kila betri kavu ya kawaida, kubwa au ndogo, ina volti 1.5. Betri mbili ni volti 3, tatu ni volti 4.5, nne ni volti 6. Kariri namba yako kabla ya kutoka nyumbani.

Kisha itazame globu ya zamani pale kwenye shaba. Utaona maandishi madogo, kwa mfano 2.5V 0.3A. Hiyo ni ya tochi ya betri mbili. Ukiona 3.8V, ni ya betri tatu. Ichukue globu hiyo uende nayo dukani, hata kama imeungua. Ni shahidi wako.

Globu ya LED nayo huwa na maandishi, kwenye paketi au kwenye shaba. Nyingine imeandikwa volti moja tu, kwa mfano 3V. Hiyo ni ya tochi ya betri mbili, na ukiiweka kwenye tochi ya betri nne utaiunguza usiku wa kwanza. Nyingine imeandikwa tangu volti kadhaa hadi kadhaa. Hiyo ina kifaa kidogo ndani kinachopima umeme. Hakikisha namba ya tochi yako iko kati ya hizo mbili, isiwe pembeni kabisa.

Wenye tochi ya betri mbili, sikilizeni hapa. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake sawasawa. Betri mbili mpya zinafika hapo, lakini zikishatumika kidogo zinashuka. Globu ya LED isiyo na kifaa cha kupandisha umeme itang'aa siku mbili za kwanza, halafu itafifia wakati betri bado zina uhai. Ndiyo maana mtu husema, "LED inakula betri," kumbe haijazila, imeshindwa kuzitumia. Kwa betri mbili chagua ile inayoanzia chini ya volti 2.

Jambo jingine la hatari: ziko betri za kuchaji za lithiamu zenye umbo sawa na betri ndogo za kawaida, lakini moja ina volti 3.7. Usiziweke kwenye tochi ya betri kavu kwa sababu zimeingia tu. Soma namba kwanza.

Angalia shingo

Globu za tochi zina shingo za aina mbili kubwa. Moja inakazwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Nyingine ina ukingo wa duara kama kofia, inadumbukizwa tu na kubanwa. Haziingiliani. Muuzaji akikwambia ulazimishe, mrudishie.

Hata ikiingia, tazama urefu wake. Bakuli linalong'aa lililo nyuma ya globu limetengenezwa ili mwanga uanzie mahali pamoja, pale uzi wa globu ya zamani ulipokuwa. LED ikikaa mbele sana au nyuma sana, mwanga hutawanyika. Utapata mwangaza mpana hapa miguuni, au duara lenye doa jeusi katikati, na mbali huoni kitu. Kama kichwa cha tochi yako kinazungushwa ili kukusanya mwanga, kizungushe kwanza kabla ya kuilaumu globu.

Isipowaka, usiitupe

Globu ya uzi huwaka hata ukigeuza betri. LED ina chanya na hasi, umeme ukija kinyume haiwaki. Wapo walioweka LED mpya, ikakataa, wakairudisha dukani kwa ugomvi. Angalia betri kwanza. Kwenye tochi nyingi pua za betri zote zielekee mbele, upande wa globu. Safisha na springi kwa kitambaa kikavu, maana kutu hufunga njia ya umeme.

Nguvu nyingi ina gharama yake

Kijana hupenda globu iliyoandikwa wati nyingi. Nakuelewa. Lakini fikiria mambo mawili.

La kwanza ni betri. Herufi A kwenye globu inaonyesha umeme unaovutwa. Globu ya 0.15A itakaa karibu mara mbili ya globu ya 0.3A kwa betri zilezile. Zamu ni usiku mzima, na betri zinanunuliwa kwa fedha. Mwanga wa kutosha hadi alfajiri ni bora kuliko mwanga mkali hadi saa sita.

La pili ni joto. LED haina moto kama uzi, lakini nayo hupata joto, na joto ndilo adui yake. Tochi ya chuma hulitoa joto nje. Tochi ya plastiki hulifungia ndani, na globu ya nguvu kubwa humo hufifia mapema na kufa kabla ya wakati wake. Kwa tochi ya plastiki, globu ya nusu wati hadi wati 1 inatosha. Kwa tochi ya chuma unaweza kupanda kidogo.

Tena ujue tabia ya globu yako. Zile zenye kifaa ndani hushikilia mwanga uleule mpaka betri zinakwisha, halafu huzimika ghafla, kama ile ya usiku wa mtamba. Siyo mbovu, ila hazitoi taarifa. Mwenye globu ya namna hiyo lazima awe na betri za akiba mfukoni, si nyumbani.

Rangi ya mwanga

Hapa nasema kama mtu wa mifugo. LED nyingi za bei ndogo zina mwanga mweupe unaoelekea bluu. Kwa kuona mbali hauna shida. Kwa kumtazama mnyama mgonjwa unaweza kukudanganya.

Mnajua kwamba tukifunua kope la chini la mbuzi au kondoo tunatazama wekundu wake, kujua kama minyoo wanamnyonya damu. Kwenye ng'ombe mwenye ndigana baridi tunatafuta weupe au umanjano kwenye utando wa jicho na wa mdomo. Mwanga wa bluu unaweza kumfanya mnyama mzima aonekane amepauka. Ukimtibu kwa rangi uliyoiona chini ya mwanga huo, unaweza kumpa dawa asiyohitaji au kumwacha anayehitaji.

Kama paketi ina namba yenye herufi K, 6500K ni mwanga wa bluu, 4000K na kushuka chini ni mwanga unaokaribia ule wa globu ya zamani. Kwa tochi ya kutibia chagua huo wa pili. Kama huna, mtenge mnyama, umtazame tena kukipambazuka. Asiyeweza kungoja, mpigie mtaalamu.

Na kwa kuzalisha, kumbuka yale ambayo mwanga unapaswa kukuonyesha. Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, nyayo za kwato zikitazama chini, na pua imelala juu ya miguu. Nyayo zikitazama juu, mara nyingi hiyo ni miguu ya nyuma. Ukiona hivyo, au ukiona mguu mmoja tu, au ng'ombe amesukuma kwa nguvu saa nzima bila maendeleo, usivute kwa kubahatisha. Ita msaada.

Jaribu kabla ya usiku wa shida

Ukishanunua, usingoje simba akufundishe. Jioni hiyohiyo fanya hivi.

Tundika mfuko mweupe kwenye mti, hatua 50 kutoka mlango wa boma. Giza likiingia, umulike kwa globu ya zamani, halafu kwa mpya, betri zikiwa zilezile. Kama mpya haioneshi mfuko vizuri kuliko ya zamani, haifai kwa zamu, hata kama inakuumiza macho ukiitazama.

Iache ikiwaka nusu saa, kisha umulike mfuko tena. Mwanga umepungua sana? Kishike kichwa cha tochi. Kama kina moto, globu ni kubwa kuliko tochi yako. Kama hakina moto, betri zako zimechoka au globu hailingani nazo.

Mwisho, igonge tochi taratibu kwenye kiganja. Ikipepesa, kuna mahali hapajakazwa. Tengeneza sasa, mchana ukiwepo.

Tochi na wanyama wakali

Macho ya fisi, chui na simba hung'aa yakimulikwa, kwa sababu nyuma ya jicho kuna tabaka linalorudisha mwanga. Macho ya ng'ombe, mbuzi na kondoo hung'aa vilevile. Kwa hiyo kijana usirushe kitu kwa sababu umeona macho mawili nje ya boma. Huenda ni ndama wa jirani. Tazama urefu kutoka chini, tazama anavyotembea. Na jicho la mtu haling'ai hivyo. Mtu unaweza kummulika usimwone. Ita kwa sauti kwanza.

Wengi mmesikia habari za kijana wa Kimaasai wa ng'ambo ya mpaka, Richard Turere wa Kitengela, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Akiwa na miaka 11 alichoka kuona simba wakila ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, haukusaidia. Alisimamisha sanamu ya mtu, siku ya kwanza simba wakaogopa, siku ya pili wakagundua haisogei. Usiku mmoja alipozunguka zizi na tochi, aliona simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua globu za tochi mbovu, betri ya gari, sola, na kile kifaa kinachopepesa taa za pikipiki, akazungusha taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma. Mwaka 2013 alisimama mbele ya watu huko Marekani kueleza kazi yake.

Tunajifunza nini? Tochi iliyotundikwa mahali pamoja usiku kucha inamaliza betri na simba huizoea. Mlinzi atembee, amulike, azime, abadilishe upande. Hivyo hata betri zinadumu. Lakini tochi si mkuki. Kazi yake ni kukuonyesha hatari ukiwa ndani ya boma pamoja na wenzako. Usimfuate mnyama porini kwa sababu una mwanga mkali. Piga kelele, amsha jirani, na mtoe taarifa kwa afisa wanyamapori.

Betri zilizokwisha

Usichanganye betri mpya na za zamani, ile iliyochoka itavuja na kuila tochi. Ukikaa muda bila kuitumia tochi, zitoe. Usizitupe motoni, zinaweza kupasuka usoni kwa mtoto. Zikusanye kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto, uzipeleke mjini kwa wanaozipokea.

Kubwa zaidi ni betri za gari, pikipiki na sola. Ndani yake mna madini ya risasi. Ng'ombe hupenda kulamba betri iliyopasuka, na risasi humpofusha, humfanya asage meno na kusukuma kichwa ukutani, kisha hupata degedege na kufa. Ukimwona hivyo na kuna betri iliyovunjika karibu, ita mtaalamu haraka, na nyama yake isiliwe. Betri mbovu moja nyuma ya nyumba inaweza kukugharimu zaidi ya simba.

Kabla ya kutoa fedha

Mtu akinishika mkono sasa aniambie, "Mtaalamu, nimesahau yote," namwachia haya. Hesabu betri zako. Nenda na globu ya zamani. Linganisha volti na shingo. Chagua A ndogo kuliko W kubwa. Kwa kutibia, mwanga usiwe wa bluu. Jaribu jioni hiyohiyo. Na betri za akiba ziwe mfukoni.

Mimi mwenyewe tangu usiku ule natembea na betri mbili zilizofungwa kwenye nailoni ndani ya mfuko wa dawa. Zimeshatumika mara nyingi, na zaidi ya mara moja ndama amesimama asubuhi akimtafuta mama yake.

Mwenye tochi yake hapa aje nayo, tuifungue pamoja.